Kimo Hakiguswi

Ukimwambia kijana yeyote wa gereji Dar es Salaam kwamba gari lako linalala sana kwenye kona, utapata jibu moja kati ya mawili. Mpenzi wa magari ya kasi atakwambia ulishushe: springi fupi, rimu pana, kazi imeisha. Mtu wa safari za mikoani atacheka na kusema, "Dada, gari la juu ndivyo lilivyo. Zoea." Nimeyasikia yote mawili gereji moja, siku moja, washauri wakibishana wenyewe kwa wenyewe kana kwamba mimi mwenye gari ni mpita njia. Wa tatu akaongeza lake: niweke spesa liinuke zaidi, maana kwa nyuma linaonekana limechoka.

Gari lenyewe ni Subaru Forester, lile umbo la pili lililotoka mwaka 2002, injini ya lita mbili isiyo na turbo. Yapo mengi barabarani kwetu, yamefika yakiwa yametumika Japani, na mengi yanaendeshwa na watu ambao hawajawahi kulala chini yake kuangalia kilichopo. Langu kazi yake kubwa ni kumpeleka mama Kilolo na kumrudisha Dar kwa kliniki.

Mama ana nyonga mbovu. Kiti cha Forester kiko kwenye kimo anachokipenda: hainami kuingia kama kwenye IST ya shemeji yangu, wala hapandi kama anaparamia lori. Anageuka, anakaa, anaingiza miguu mmoja baada ya mwingine, anafunga mlango mwenyewe. Kimo hicho kikipungua kidogo tu atahitaji mtu wa kumshika mkono, naye hapendi kushikwa mkono. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutolishusha. Ya pili ni njia ya Kilolo. Ukishaacha lami, inayobaki ni barabara ya udongo mwekundu ambayo mvua huichimba mfereji katikati. Gari lenye nafasi ya sentimita 20 chini ya tumbo lake linapita. Ukilipunguza sentimita nne au tano, utashuka kuokota mawe ya kujazia, na kama ni msimu wa mvua utatafuta vijana wa kusukuma.

Spesa nazo nilizikataa mapema. Zinainua gari, ni kweli, lakini zinainua na uzito wake, na gari lililolalia kona litazidi kulala. Ekseli za mbele zinasimama kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, buti za mpira zinapasuka, vumbi linaingia kwenye sivijointi, na baada ya muda unaanza kusikia ile "ka-ka-ka" ukikata usukani. Sikuwa na shida ya kimo. Shida yangu ilikuwa Kitonga.

Aliyewahi kupita anajua. Ukitoka Morogoro unaingia Mikumi, ambako barabara inakata hifadhini kwa takriban kilomita 50 na matuta yanakulazimisha uende taratibu upende usipende. Unapita bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, joto linakupiga, kisha mlima unaanza. Kitonga ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na mbele yako malori ya Zambia na Kongo yakipanda kwa gia ndogo, moshi ukiyafuata. Kila kona Forester ililala. Ilipotoka kwenye kona haikusimama. Ilirudi upande wa pili, ikapitiliza, ikarudi tena. Mama alifumba macho, mkono umeshika kile kipini cha juu ya mlango, mfuko wa plastiki mapajani kwa tahadhari. Siku moja tulipopumzika Ilula aliniambia kwamba yeye haogopi kona, anaogopa kile kinachokuja baada ya kona. Nimesoma mengi kuhusu saspensheni tangu hapo na sijakutana na maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo ya shokapu iliyokufa.

Maana shokapu ya kawaida haibebi gari. Inayobeba uzito na kuamua kimo ni springi. Shokapu imewekwa ili springi ikishabonyea na kurudi, iache kucheza. Ndani yake kuna pistoni inayosukumwa kwenye oili kupitia matundu na vali ndogo sana. Nguvu ya springi inageuzwa joto na kuishia hapo. Oili ikivuja, au vali zikilegea, springi inabaki haina wa kuituliza, na gari linaendelea kuyumba hata baada ya tuta au kona kupita. Kwa hiyo unaweza kutoa shokapu laini ukaweka ngumu na kimo kikabaki kilekile, isipokuwa zile za gesi yenye mgandamizo mkubwa, ambazo huinua gari kidogo sana. Kimo kiko kwenye chuma kimoja, utulivu kwenye kingine. Nilipolielewa hilo, ule ubishi wa "lishushe" na "zoea" ukaniishia hamu.

Siwasingizii wanaoshusha. Uzito ukikaa chini, kwenye kona unahama kidogo kwenda upande wa nje, na ndiyo maana magari ya mbio za lami yanakaribia kulamba barabara. Lakini yale yameundwa hivyo tangu mwanzo. Saspensheni ya mbele ya MacPherson, ambayo ndiyo iliyo kwenye Forester na magari mengi ya kwetu, ukiishusha sana mikono yake ya chini hulala, na ile nukta ambayo bodi hulalia kwa kuizunguka hushuka haraka kuliko uzito wenyewe. Unapata gari la chini lenye hamu kubwa zaidi ya kulala, na unalazimika kuweka springi ngumu kama jiwe ili kulizuia. Halafu springi hiyo ina nafasi ndogo ya kubonyea. Tuta moja la Mikumi, raba ya kuzuia inagongwa, na abiria mwenye nyonga mbovu ndiye wa kwanza kujua.

Ukitaka kuona kwamba juu na haraka vinaweza kukaa nyumba moja, angalia Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka yote hakuna aliyeshinda kwa kukwangua tumbo kwenye mawe. Magari yaliinuliwa, yakapewa springi ndefu na shokapu zenye nguvu, yakaachwa magurudumu yapande na kushuka. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, kigari ambacho injini yake haifiki hata lita moja, watu wakacheka. Patrick Njiru wa Kenya akamaliza nacho katika nafasi ya 12. Mimi si Njiru, na mama asingeniruhusu kuwa Njiru. Ila nilijua ninachotaka hakikuwa ndoto.

Fundi niliyempata yuko Tabata, mzee mwembamba anayevaa ovaroli iliyofuliwa, jambo ambalo gerejini ni nadra kiasi cha kutia shaka. Nilianza kumweleza habari za Kitonga akainua mkono kuninyamazisha. Alitoa futi kamba mfukoni, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, akaandika kwenye daftari la shule. Nilimuuliza kwa nini hapimi kutoka chini. "Ukipima kutoka chini unapima na upepo wa tairi," akasema. Kisha akaenda kwenye Forester nyingine iliyokuwa uani, ya mteja mwingine, akapima vilevile. Mbele zilifanana. Nyuma langu lilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili.

Alitambaa chini ya gari, akatoka, akasema gari langu lina shokapu zinazojiinua.

Hapa ndipo ningependa kila mwenye Forester ya umri huo asikilize. Baadhi ya magari haya yalitengenezwa na shokapu za nyuma zenye pampu ndani. Ukipakia watu na magunia, nyuma inashuka. Ukianza kutembea, mwendo wa barabara wenyewe unaipampu shokapu, na baada ya kilomita chache mkia unarudi juu. Ni ubunifu mzuri sana ukiwa mzima. Lakini kwa kuwa shokapu hiyo inasaidia kubeba, springi inayoambatana nayo imefanywa laini. Sasa shokapu ikifa, mkia unakaa chini daima, kama ulivyokuwa wangu. Na mtu akiitoa akaweka shokapu ya kawaida huku ameacha springi ileile laini, ameondoa msaada wa kubeba bila kuleta mwingine. Gari linabaki limeinama nyuma, shokapu mpya zinalaumiwa, na ndipo kijana anatokea na spesa zake. Dawa ni kubadili vyote viwili, shokapu na springi, kwa vile vya Forester isiyo na mfumo huo. Kwangu mimi, basi, kutogusa kimo kulianza na kukirudisha kilipopotea.

Spea tulizitafuta Gerezani na Ilala. Springi za mtumba kutoka Japani sina shida nazo. Chuma kizuri cha springi hakizeeki haraka, ukikagua kwamba hakina kutu iliyokula wala ufa kwenye mkunjo wa mwisho. Shokapu za mtumba sinunui, na nadhani mtu asinunue. Hujui zimetembea wapi, na ile mbinu ya muuzaji ya kuibonyeza kwa mkono dukani haikuambii kitu, kwa sababu mkono wa binadamu hauna uzito wa gari. Nikanunua mpya nne, ngumu kidogo kuliko za kiwandani lakini za urefu uleule. Fundi alisisitiza urefu. Shokapu ndefu kwa springi ya kawaida, au fupi kwa springi ya kawaida, inaharibu safari ya gurudumu upande mmoja au mwingine.

Kabla ya kufunga chochote kipya, alichukua mtaimbo mdogo na kuanza kuchokonoa bushi, zile raba za kwenye maungio. Akaniita nione. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini, upande wa abiria, ilikuwa imepasuka nusu ya mzunguko wake. Alipoinua mtaimbo mkono ule ulisogea mbele na nyuma kwa namna ambayo chuma cha gari hakipaswi kusogea. Kumbe kila nilipokanyaga breki gurudumu lile lilikuwa likibadili mwelekeo kwa siri. Ungeweka shokapu za gari la mbio juu ya bushi hizo, usingepata faida yoyote ila kelele.

Tulijadiliana kuhusu bushi. Wapo wanaoweka za poliyurethani, ile plastiki ngumu ya rangi nyekundu au njano, na kwenye lami gari kweli linakuwa kali. Lakini zinapitisha kila kokoto hadi kwenye uti wa mgongo wa abiria, na vumbi la Kilolo likiingia zinalia kama kitanda cha gesti. Nikachagua mpira wa kawaida kwenye mikono ya chini, na ngumu kwenye stabilaiza tu, fimbo nitakayoifikia baadaye, ambako hazimsumbui mtu.

Halafu akafanya jambo ambalo nimelitazama katika gereji nyingine tangu hapo na karibu sikuliona tena. Alifunga boliti za bushi mpya kwa mkono tu, zikashika lakini zikabaki legevu. Akashusha gari kutoka kwenye jeki, likasimama kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, akalibonyeza mbele na nyuma likae vizuri. Ndipo akashuka shimoni na kuzikaza zote kwa spana ya kupimia nguvu. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye vyuma vyake, haizunguki, inajipinda. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia hewani, umeifundisha kwamba huko kuning'inia ndiyo hali yake, na gari likishuka chini bushi inabaki imepindwa masaa yote, hata likiwa limeegeshwa. Hupasuka mapema, na kabla ya kupasuka hulisukuma gari likae kwenye kimo kisicho chake. Kazi ya dakika kumi inayoachwa kwa sababu kukaza gari likiwa juu ni rahisi kwa mgongo wa fundi.

Lililobaki lilikuwa kulala kwenyewe. Shokapu mpya zinapunguza haraka ya kulala, na zinaua kule kuyumba kwa baadaye, lakini kwenye kona ndefu gari lenye springi za kawaida litalala tu. Kinachozuia hilo bila kugusa kimo ni stabilaiza: fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kama kwenye tuta, fimbo inazunguka tu bila kufanya kazi. Moja likipanda na jingine likishuka, kama kwenye kona, fimbo inapindwa na kukataa. Ugumu wake unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo ongezeko dogo lina maana kubwa: fimbo ya milimita 16 ukibadili na ya 19, umekaribia kuuzidisha ugumu mara mbili. Gerezani nilipata ya nyuma iliyotolewa kwenye Forester ya turbo, nene kuliko yangu, mashimo yakiwa palepale. Fundi aliipima kwa venia mara mbili, pale kaunta na tena gerejini, sijui kwa nini.

Kwa nini nyuma tu, mbele ikaachwa? Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa. Stabilaiza haipunguzi uzito unaohama kwenye kona; uzito huo unaamuliwa na kimo, upana wa gari na kasi yako. Inachofanya ni kugawa: ekseli yenye stabilaiza ngumu zaidi hubeba sehemu kubwa zaidi ya kuhama huko, na tairi zake zinachoka mapema. Subaru ina injini iliyokaa mbele ya ekseli ya mbele, pua yake nzito, na ukiisukuma kwenye kona tairi za mbele ndizo zinazokata tamaa kwanza. Unakata usukani na gari linaendelea kwenda nje. Ukiongeza ugumu nyuma, mbele kunapumua. Usukani unasikika.

Ila kuna bei. Fimbo ileile inayokataa kulala kwenye kona inakataa pia gurudumu moja lisiingie shimoni peke yake. Kwenye barabara ya mashimo, stabilaiza nene kupita kiasi inalifanya gari litikise kichwa kushoto na kulia, na kwenye mfereji mkubwa inaweza kuliinua gurudumu moja likazunguka hewani. Na kwenye lami yenye maji, nyuma iliyokazwa mno inaweza kuteleza ghafla. Fundi alikuwa na fimbo nene zaidi kwenye kona ya banda lake, akaninyima. "Hiyo ya vijana wa Mbezi," alisema.

Siku ya mwisho alipima tena kwa futi kamba na kunionyesha daftari. Mbele vilevile. Nyuma imerudi vidole vyake viwili. Alikuwa ameweka alama ya patasi kwenye boliti ya juu inayoshika shokapu ya mbele kabla ya kuifungua, kwa sababu kwenye Subaru boliti hiyo ndiyo inayorekebisha mlalo wa gurudumu, na bila alama ungeendesha kwenda kwenye alaimenti ukiwa umepinda. Alaimenti tulifanya baadaye, gari likiwa limetembea siku chache na springi zimekaa. Upepo wa tairi nao alinionya kwamba niuangalie mwenyewe, nisimwachie kijana wa kituo cha mafuta.

Kitonga ya kwanza baada ya hapo ilikuwa mchana, malori mengi. Gari lililala bado, sitadanganya, ni gari la juu. Lakini lililala mara moja, likakaa, likanyanyuka, basi. Kona ya pili vivyo hivyo. Mama alikuwa anazungumza habari za shamba la viazi la jirani, habari ndefu yenye watu wengi, na aliendelea nayo tangu chini hadi juu bila kukata. Mfuko wa plastiki ulibaki kwenye mlango. Matuta yalisikika zaidi kidogo kuliko zamani, hasa yale madogo ya mfululizo wanayoyaita rasta, na mama alilitaja hilo. Alisema gari limekuwa kavu. Kilolo lilipita kwenye mfereji uleule, kwa nafasi ileile chini ya tumbo.

Shemeji alipolipanda alitaka na yeye. IST yake inalala, anasema, na anataka stabilaiza nene nyuma kama yangu. Nimemwambia aende Tabata alionyeshe gari kwanza. IST haina mikono huru nyuma. Ina boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, na boriti hiyo yenyewe inajipinda na kufanya kazi ya stabilaiza. Huwezi kuchukua orodha yangu ukaihamishia kwake. Halafu tairi zake nimeziangalia: mbili za mbele za aina moja, nyuma kila moja na kabila lake, na moja ina uvimbe ubavuni. Aanze hapo. Shokapu zitafuata, na futi kamba ninayo mimi.